Mtoto kiziwi: shule ya jirani au shule ya viziwi? Tusikimbilie kuwalaumu wazazi

Wadau, mzazi akisita kumpeleka mwanawe mwenye ulemavu shule ya kawaida, anaambiwa anamficha ndani. Kwa wazazi wa viziwi naona tunawaonea.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Waliotunga waliliona hili. Asiyeona anamsikia mwalimu na wenzake. Akipata vitabu vya nukta nundu na wa kumfundisha kuvisoma, mambo yanakwenda. Shule ya msingi Uhuru Mchanganyiko pale Ilala, Dar, wanaoona na wasioona wanasoma pamoja tangu zamani. Kiziwi je? Darasa limefurika, mwalimu anaongea amegeukia ubao, lugha ya alama hakuna anayeijua. Hapo kajumuishwa na nani? Kwenye shule ya viziwi ya Buguruni, Dar, angepata wa kutaniana nao na hata kugombana nao, na lugha mtoto huipata mchezoni kabla ya ubaoni.

Wanaonikera ni wazazi wa wale wasio na ulemavu, wanaomfuata mwalimu mkuu: "Huyo atawachelewesha wetu." Wengine bado wanaamini kifafa kinaambukiza! Hao ndio wa kubanwa.

Mnasemaje?

Mama wa Handeni: Kaka, Buguruni ni yenu wa Dar. Huku kwetu shule ya viziwi maana yake ni bweni, tena mbali. Mtoto wa miaka saba akirudi likizo anaongea kwa alama na sisi tunamtazama tu. Mbona hakuna anayetufundisha sisi wazazi?

Mwalimu: Nimesomea elimu maalumu chuo cha ualimu Patandi, nikapangiwa shule isiyo na kiziwi hata mmoja. Nafundisha hisabati. Walimu tupo, tumetawanywa. Kwa nini viziwi wa tarafa wasikusanywe shule moja ya kawaida yenye kitengo cha viziwi, nasi tupelekwe hapo? Jioni mtoto analala kwao.

Mleta mada: Kitengo nakiunga mkono, mradi viziwi wawe wengi, siyo wawili wanaokaa pembeni. Na mama wa Handeni aje hapo Jumamosi ajifunze alama pamoja na mwanawe. Ila tarafa nyingine ni kubwa mno, Mwalimu. Nauli ya kila siku analipa nani? Bodaboda siyo bure.