Naomba ushauri: wakulima tunashirikishwa mpango ukiwa umeshapikwa

Habari zenu wakuu. Niko Mbozi, Songwe, na ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mahindi. Kila msimu tunaitwa kutoa maoni kuhusu mbegu za shamba darasa, tukifika tunakuta aina imeshachaguliwa. Kazi yetu inabaki kusaini mahudhurio na kunywa soda.

Iliyoletwa safari hii inazaa kweli, sikatai. Ila maganda hayafuniki ncha ya gunzi, mvua inaingia, fukusi wanaanza kazi mahindi yakiwa bado shambani. Kina mama wanaotunza ghala walilisema hilo mapema, wakaambiwa wasubiri mavuno. Halafu vikao vinapangwa siku ya gulio, wao wako sokoni!

Najua kisheria mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi 3. Je, tukipitisha azimio pale, likaandikwa kwenye muhtasari, halmashauri ya wilaya italazimika kujibu? Au tupitie kwa diwani kwanza? Na waliowahi kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa (zile wakulima wanazalisha wenyewe kwa ukaguzi) kijijini kwao, mlianzia wapi TOSCI, ile taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu? Afisa ugani wetu ni mtu mzuri, nisingependa aonekane ameshtakiwa.