MREJESHO: Flashi za Linux kwa shule na suala la msimbo chanzo

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama tunapogawa flashi zenye Linux (mfumo huria wa kuendesha kompyuta) kwa shule za Chamwino na Bahi inatosha kuandika anwani ya tovuti ya watengenezaji ambako msimbo chanzo (maandishi ya programu yanayoweza kusomwa na kubadilishwa) unapatikana. Haitoshi. GPL toleo la 2 (leseni ya programu huria inayotumika kwenye Linux), kifungu cha 3, inataka utoe msimbo chanzo pamoja na programu, au ahadi ya maandishi ya kumpa yeyote atakayeuomba, kwa muda usiopungua miaka 3, kwa bei isiyozidi gharama ya kuunakili na kuufikisha.

Ahadi tumeiacha. Sisi ni vijana wa kujitolea. Nani atakuwepo miaka 3 ijayo kutafuta toleo lile lile? Tumeweka folda ya “chanzo” ndani ya flashi yenyewe: msimbo wa matoleo tuliyogawa, mabadiliko yetu, na skripti za kujenga programu, maana nazo leseni inazitaja. Flashi zimekuwa za GB 64 badala ya 32, basi.

Mwalimu mmoja wa Bahi keshaifungua folda hiyo, anarekebisha menyu iwe ya Kiswahili, bila intaneti. Nimefurahi mno! Nakala ya leseni nayo iwemo, msiisahau.