Mjadala: Chatu akiingia kijijini, auawe au ahamishwe?

Mwenye mada, Kasese: Picha ya chatu ikisambaa, maneno ni yaleyale: mita 9, umri miaka 100, auawe. Wengine wanataka UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, waitwe wamhamishe. Leteni vipimo, jamani.

Mhifadhi, Entebbe: Chatu wa Afrika huwa mita 3 hadi 5; anayepita 6 ni nadra. Yule wa Asia aliyepimwa Kansas City mwaka 2011, kwa rekodi ya nyoka mrefu anayefugwa, alikuwa na mita 7.67. Wamarekani waliwahi kuahidi zawadi, ikapanda hadi dola 50,000, kwa nyoka hai wa futi 30, yaani mita 9 na ushei. Hakuna aliyeichukua.

Vipimo vya kutiwa chumvi vinatoka kwenye ngozi. Ikichunwa na kuwambwa inaweza kuvutika robo nzima: mita 4 zinakuwa 5 ukutani. Hata gamba alilojivua huwa refu kuliko yeye. Pima kwa kamba laini inayofuata uti wa mgongo, pua hadi ncha ya mkia, pindo kwa pindo, kisha laza kamba hiyo kwenye futi ya kupimia. Usimvute anyooke, hukaza misuli, na unaweza kumvunja uti. Kilo za aliyetoka kumeza nazo hazina maana.

Mfugaji, Masindi: Mbuzi hajali futi, ndugu. Mita 4 zinatosha kummeza mwanambuzi, na jike hutaga mayai 20 hadi 100. Auawe.

Mhifadhi, Entebbe: Mayai si chatu. Watoto huanguliwa wakiwa na nusu mita hivi, wengi wakaishia kwa kenge na ndege. Halafu Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 hairuhusu kuua ovyo.

Mwalimu, Arua: Kuhusu umri, urefu hausemi kitu. Anayeshiba hukua mbio miaka ya mwanzo, kisha polepole, na jike humzidi dume. Chatu wa Afrika wanaofugwa huishi miaka 20 hadi 30. Wa miaka mingi zaidi ni yule mdogo anayejiviringa kama mpira, ambaye kwa kawaida hafiki mita 2: mmoja wa bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, alitaga mwaka 2020 akiwa na zaidi ya miaka 60. Ukubwa na uzee ni vitu viwili.

Mfugaji, Masindi: Sawa, mwalimu. Sasa huyo wa kuhamishwa anapelekwa wapi? Kule Florida walihamisha chatu sita wa Burma kilomita 21 hadi 36. Watano walirudi hadi ndani ya kilomita 5 ya walipokamatwa.

Mhifadhi, Entebbe: Hoja hiyo ni nzito, siikwepi. Ndiyo maana kuhamisha peke yake hakutoshi; banda ndilo la kurekebisha. Mianya ya ukuta isizidi sentimita 3, na banda la kuku liwe na wavu wa matundu ya nusu inchi uliofukiwa chini. Chatu huingia mwembamba, akameza, tumbo likamzuia kutoka. Ndiyo sababu asubuhi anakutwa humo humo. Fyeka nyasi, fukia mashimo ya panya. Akimbana mtu, mfungueni kuanzia mkiani, watu wazima kadhaa kwa pamoja na haraka, kwani anazuia damu isizunguke. Akiwa ameng'ata, msimvute: meno yamepinda kwenda nyuma, yatachana nyama.

Mfugaji, Masindi: Wavu huo analipa nani?