Uzeeni hapa Marekani, uwezekano wa kuhitaji kutunzwa ukoje?

mama_wawili: Habari zenu jamani, mimi na mzee wangu tuko Ohio tunakaribia 60, mtu kazini kasema wengi wakifika 65 wataishia kuhitaji wa kuwaogesha na kuwavisha, ni kweli au ni bima zinatutisha? Na si Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya wazee, italipa?

KakaMinnesota: Dada ni kweli, makadirio ya serikali ni karibu 70% ya wanaofika 65 watahitaji msaada wa aina fulani, ila wengi wanasaidiwa nyumbani na ndugu, wanaohitaji msaada kwa zaidi ya miaka 5 ni kama 20% hivi. Nyie wanawake mnahitaji muda mrefu zaidi maana mnaishi sana na mara nyingi mume keshatangulia.

nesi_wa_usiku: Nafanya kazi nyumba ya wazee. Medicare hailipi kuogeshwa na kulishwa miaka nenda rudi, inalipa mwisho siku 100 za nyumba ya uuguzi ukitoka hospitali na bado unahitaji nesi au fizio (mazoezi ya tiba), tena kuanzia siku ya 21 unachangia gharama. Baada ya hapo ni akiba yako mpaka ikaribie kuisha ndo Medicaid, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, iingie. Naumia sana kuona wazee wanalijua hili wakiwa tayari kitandani. Dada ongea na watoto sasa hivi.

mama_wawili: Asanteni, jumapili tunakaa nao.