5 − 2(x − 3) = 3x + 1: x imetoweka, nimekosea wapi?

Swali: Nimetoa 5 − 2, nikapata 3(x − 3) = 3x + 1. Kufungua mabano: 3x − 9 = 3x + 1. x zinakatana, inabaki −9 = 1. Ina maana mlinganyo hauna jibu?

Jibu: Lipo. Hiyo 2 ni mali ya mabano. MAGAZIJUTO (mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inataka uzidishe kabla ya kutoa. Zidisha kwa −2, alama usiiache nyuma:

5 − 2x + 6 = 3x + 1
11 − 2x = 3x + 1

Jumlisha 2x pande zote, kisha toa 1: 10 = 5x, kwa hiyo x = 2.

Jibu: Nyongeza: wengi huteleza kwenye +6. −2 × −3 ni chanya, jamani. Ukiandika −6 utaangukia x = −2/5. Hakiki kwa 2: kushoto 5 − 2(−1) = 7, kulia 6 + 1 = 7.

Muulizaji: Nimeona, asanteni.