Buibui wenye sumu ndani ya nyumba: peremende, siki, majivu au ufagio? Ipi kiboko yao?

Baba Nasra
Wakuu, habari za jioni.

Tumehamia kwetu Kisarawe huu mwezi wa pili, nyumba bado haijaisha vizuri. Jumamosi nimegeuza kiti cha plastiki cha barazani nikakuta buibui wa kahawia, tumbo limevimba kama punje ya njegere. Kwa chini ana alama ya rangi ya chungwa, kama pembetatu mbili zimegusana ncha. Pembeni yake vifuko vitatu vya mayai vina miiba miiba, ukiviona utasema mbigili.

Mtoto ana miezi kumi, anatambaa, na kila anachookota kinakwenda mdomoni. Dawa za kupuliza za dukani mama yake kazikataa katakata. Sasa kila mtu ana dawa yake: shemeji anasema mafuta ya peremende, jirani siki na limau, mama mkwe majivu na majani ya mwarobaini, fundi wangu anataka kupaka mafuta ya taa kwenye kona zote. Aliyejaribu zaidi ya moja anilinganishie. Nawasilisha.

Kipara Ngoto
Nimefungua uzi mbio nikidhani mabuibui ya Dubai yameshuka bei. Haya, nimekaa pale nasubiri wataalamu.

Mama Pacha
Mkuu, peremende nimeitumia mimi, tena kwa bidii. Chupa ndogo Kariakoo nilinunua shilingi 15,000. Matone ishirini hivi kwenye nusu lita ya maji, na sabuni ya maji kidogo, maana bila sabuni mafuta yanaelea juu tu. Napuliza madirishani na nyuma ya kabati. Siku tatu nyumba inanukia kama pipi, utando huoni. Siku ya tano wamerudi. Ukitaka ifanye kazi uwe unapuliza kila mara, na hiyo chupa inaisha haraka kuliko mshahara.

Tena paka wetu alilamba pale nilipopulizia, akashinda anatoka udenda. Niliacha siku hiyohiyo. Na kwa mtoto wa miezi kumi nisingepuliza chumbani anapolala, harufu ile ni kali mno kwa kifua kidogo.

Siki niliitumia kabla ya hapo. Inasafisha vioo vizuri sana. Buibui haikuwashughulisha.

Mwalimu Baiolojia
Mleta mada, maelezo yako yamejitosheleza hata bila picha. Vifuko vyenye miiba ndiyo alama yake: huyo ni Latrodectus geometricus, wazungu humwita mjane wa kahawia. Ni ndugu wa yule mjane mweusi, buibui mwenye sumu kali, ila huyu anapouma mara nyingi madhara yake ni madogo. Si mkali: ukimgusa hujikunja na kujiangusha kama amekufa. Watu huumwa wanapomkandamiza bila kumwona, mfano unaponyanyua kiti kwa kushika ukingo wa chini.

Nije kwenye ulinganisho. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliojaribu mafuta ya peremende na ya limau kwa aina kadhaa za buibui, na huyu wako alikuwamo. Peremende ilimkimbiza. Limau halikufanya kitu, pamoja na sifa zote linazopewa. Lakini jaribio lile lilikuwa la maabara, mafuta hayajakauka, buibui akichagua kati ya upande wenye mafuta na usio nayo. Buibui hunusa na kuonja kwa vinyweleo vya miguuni, kwa hiyo mafuta yakishakauka hana tena cha kumkera. Ndiyo yaliyomkuta Mama Pacha. Halafu aliyekwisha kutaga chini ya kiti hahami kwa sababu ya harufu.

Mwarobaini sifa zake ni za kweli, ila ni kwa wadudu wanaotafuna majani. Buibui hali majani. Majivu yanasaidia kidogo kizingitini yakiwa makavu. Mvua moja tu umebaki na tope. Mafuta ya taa na mtoto anayetambaa? Mwambie fundi apake kwake kwanza.

Bi Mkubwa wa Wete
Wanangu, huku kwetu Pemba tunaweka karafuu kwenye kabati la nguo, na sioni utando humo. Ila sijui ni karafuu au ni kwa kuwa kabati nalifungua kila siku.

Lakini mnavyozungumza kuua ua! Sisi tumekuzwa tukiambiwa buibui asiuawe, kwa ajili ya ule utando wa pango la Thaur, alipojificha Mtume. Ndani kwangu nikimkuta namfunika kwa gilasi, natelezesha karatasi chini yake, namtoa nje. Anaendelea na maisha yake nami na yangu.

Baba Nasra
Bi Mkubwa, shikamoo. Hata huyu mwenye alama ya chungwa nimfunike gilasi?

Bi Mkubwa wa Wete
Marahaba. Huyo mwite mumeo... samahani, wewe ndiye mume. Basi vaa viatu.

Mzee wa Muheza
Nyie mnaongelea vijibuibui. Huku chini ya Usambara tuna lile dume la manyoya, rangi ya chungwa limeiva, likikasirika linainua miguu ya mbele kama linataka ngumi. Linakaa kwenye mashimo ya miti na chini ya magogo. Mvua zikinyesha madume hutembea usiku kutafuta majike, ndipo yanapopita chini ya mlango. Lilimuuma kijana wangu kidoleni akipanga kuni: maumivu makali, kisha misuli inakaza siku kadhaa. Hakufa, lakini alilia kama mtoto. Na mnajua Ulaya na Marekani watu wanalinunua wanalifuga kwenye kisanduku cha kioo, na jina la Usambara wamelibandika? Sisi tunalikimbiza kwa fagio.

Dawa yangu ni kuku, na kuni zinakaa mbali na ukuta. Kuku hawana mjadala na buibui. Na mjusi wa ukutani mwacheni, anafanya kazi ya bure.

Atieno wa Mbita
Mzee hapo umesema. Na tusiwaweke buibui wote kapu moja jamani. Huku kwetu kando ya ziwa kuna buibui mdogo anayeruka, watafiti wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu, wamemchunguza miaka mingi: anapenda zaidi mbu jike aliyeshiba damu, hasa wale wa malaria. Huyo ukimfukuza umejikomoa mwenyewe. Hata yule bapa mkubwa wa ukutani, anayebeba kifuko cheupe tumboni, anatisha kwa umbo tu. Anakula mende.

Tabibu wa Zamu
Niongeze moja, maana nakutana nayo sana. Mtu anakuja na malengelenge shingoni, mstari mwekundu unaunguza, anasema "buibui amenikojolea". Buibui hakojolei watu. Mara nyingi ni yule mdudu mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi, Wakenya humwita Nairobi fly, umemponda ukiwa usingizini na maji yake yameunguza ngozi. Mwaka wa El Niño, 1997 kuingia 1998, walisumbua watu vibaya sana. Akitua mwilini mpulize aondoke, usimponde, kisha nawa kwa sabuni. Wengine wana mkanda wa jeshi, na huo unahitaji hospitali mapema, si peremende.

Ukiumwa kweli: osha kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Misuli ikianza kukaza, tumbo kuuma, jasho kumwagika, nenda hospitali bila kusubiri. Mtoto mdogo mpeleke hata kabla ya dalili hizo.

Fundi Gipsamu
Mimi naingia nyumba za watu kila siku, naona wanapokaa. Boksi la mita, chini ya masinki, nyuma ya tanki la maji, matofali yaliyobaki ya ujenzi, matairi, ndoo zilizofunikwa muda mrefu. Baba Nasra umesema nyumba haijaisha, nina hakika rundo la tofali na mbao limeegemea ukuta. Hapo ndipo shamba lao lilipo, humu ndani wanakuja kutembea tu.

Na taa ya nje! Umefunga ile nyeupe kali juu ya mlango? Inaita wadudu, wadudu wanaita buibui. Weka ya njano, au zima usiku. Mlango wa mbele funga mpira wa chini, madirishani wavu usiotoboka, pale bomba linapopita ukutani ziba kwa saruji. Mimi sijawahi kununua hiyo peremende.

Mama Pacha
Fundi umenigusa, kwangu taa ya nje ilikuwa nyeupe kama uwanja wa mpira. Ngoja nibadilishe.

Baba Nasra
Wakuu, mrejesho. Jumapili nilivaa glovu za bustani, nikasukumia buibui na vifuko vyake kwa kijiti ndani ya ndoo ya maji ya sabuni, vifuko nikavipondaponda kwanza. Mwalimu alinitumia ujumbe kuwa kifuko kimoja kinaweza kuwa na mayai zaidi ya mia, nikaona hapa hakuna cha gilasi. Bi Mkubwa anisamehe.

Rundo la tofali lilikuwepo kweli, ukuta wa jikoni, na fundi sijui alilionaje akiwa huko aliko. Tumelihamisha, chini yake tulikuta majike manne. Viti vyote sasa vinageuzwa na kufagiliwa chini kila Jumamosi. Majivu nimemwachia mama mkwe amwage kizingitini, hayadhuru na yeye amefurahi. Taa ya njano nimefunga juzi.

Swali lililobaki: ndani ya boksi la mita kuna kifuko kimoja, na nyaya ziko hapohapo. Maji ya sabuni siwezi kumwaga. Fundi, wewe huwa unavitoaje?

Fundi Gipsamu
Zima swichi kuu kwanza. Kisha kijiti kikavu, tena kirefu, na mfuko wa plastiki chini yake. Hizo sili za mita usiziguse.