Moshi wa mashine za kufyekea nyasi: je, una sheria?

Mtunza bustani, Casuarina, Malindi:
Assalaam aleikum. Kila asubuhi nafyeka nyasi za nyumba za wageni kwa mashine ya begani inayotiwa petroli iliyochanganywa na oili, na shati langu hunuka moshi hata baada ya kufuliwa. Je, kuna nchi iliyowawekea watengenezaji kiwango cha moshi huo?

Fundi wa Shela:
Waalaikum salaam, ndugu yangu. Ipo. Marekani ilianza na injini za mwaka 1997, na jimbo la California likaenda mbali zaidi, likitaka nyingi ya injini ndogo mpya zinazotengenezwa kuanzia 2024 zisitoe moshi kabisa. Injini ya mipigo miwili, kama hiyo yako inayotiwa petroli yenye oili, huingiza mchanganyiko mpya wakati tundu la moshi lingali wazi, hivyo sehemu ya petroli hutoka mbichi. Ndiyo harufu ya shati lako. Halafu wapo wanaokisia oili kwa kifuniko cha chupa (plagi zao huniletea zikiwa nyeusi kama masizi ya chungu).

Mkaazi wa Barani:
Kwetu zilitungwa Kanuni za Ubora wa Hewa mwaka 2014, ila sijaona fyekeo likisimamishwa likapimwa.

Mtunza bustani:
Shukrani, fundi. Kesho nitanunua chupa yenye vipimo.